Vichwa vya Dagaa Mferejini

Mfereji wa uani uliziba. Bwana Shebwana, mwenye nyumba aliyejisifu mtaa mzima kwamba kwake hakuliwi ila biriani, alimwita mpangaji wake, Bi Msimu.

"Uzibue leo, au uhame."

"Sawa, baba. Uchafu nitauanika barazani, kila mtu atambue wake. Naona vichwa vya dagaa tele."

"Vya nani?"

"Mfereji una majiko mawili tu, langu na lako. Na mimi majirani wanajua nala mchicha."

Shebwana alikohoa. Akakunja kanzu, akazibua mwenyewe, akafukia kila kichwa migombani, akamsihi asimwambie mtu.

Bi Msimu akaapa. Kisha akaingia ndani kukaanga dagaa wake, na vichwa, safari hii, akavitia ndooni.