Firigisi Moja na Sufuria ya Umeme

Hapo zamani, na msidhani ni mbali sana, maana nguzo za umeme zilikuwa zimeshapanda milima ya Upare, aliishi mama kijana, Nakunda, na mumewe Mbonea, na mtoto wao mchanga Niwaeli. Mama mkwe, Bibi Naelijwa, alikuwa na kijumba chake hapo hapo uani. Na Niwaeli alikohoa kila moshi wa makande ulipotanda jikoni. Makande mnayajua, mahindi na maharage, huchemka mpaka mtu asahau alikuwa na njaa!

Basi Mbonea akashuka mnadani, akarudi na sufuria ya presha, ile ya umeme, inang'aa mpaka unajiona meno. Vigelegele! Ikawekwa wapi? Jikoni? Thubutu! Ikawekwa sebuleni juu ya kabati, ikafunikwa kitambaa cha kufuma.

"Hiyo ni ya wageni," akasema Mbonea.

"Hiyo ni bomu," akasema Bibi.

Nakunda aliiogopa kuliko nyoka. Wageni wakaja, wakaisifu, wakaondoka. Wengine wakaja, wakaisifu, wakaondoka. Makande yakaendelea kuchemka kwa kuni, na Niwaeli akaendelea kukohoa.

Sasa sikilizeni. Siku hiyo mvua imenyesha, kuni zimelowa, jikoni moshi mtupu, mtoto anakohoa mpaka machozi, na jogoo ameshachinjwa, jogoo mzee, mgumu kama kandambili! Nakunda akavuta kile kitambaa, fyuu! Akatia nyama, maji, chumvi, akafunga, akachomeka waya hapo hapo sebuleni, akamkabidhi Bibi mtoto. Kisha akasimama mlangoni, akafumba macho, akabonyeza kitufe kwa mpini wa ufagio.

Sufuria ikalia: fsssss!

Mbonea, aliyekuwa amekaa sebuleni, akaruka dirishani. Nawaambia, dirishani, mwanamume mzima, akajificha nyuma ya banda la mbuzi! Bibi akatimka na mjukuu kifuani, anapiga yowe: "Njooni jamani, mkwe wangu analipuka!" Majirani wakajaa uani. Nakunda kabaki mlangoni na ufagio wake.

Sufuria ikanyamaza. Ikafunguliwa. Nyama inaachia mfupa yenyewe! Lakini nani aanze? Wote wakarudi nyuma.

"Hiyo itatupiga shoti tumboni!" jirani mmoja akasema.

Bibi akampa mtu mtoto. "Mimi nimeshazika mume, nimeshaona wajukuu. Leteni paja."

Akala. Akalamba vidole. Akadai paja la pili! Hapo mikono yote ikaingia sufuriani, hata yule wa shoti akaapa kwamba na yeye atanunua ya kwake.

Ikabaki firigisi. Na firigisi haiendi hivi hivi, ni ya mwenye heshima. Majirani wakaamua, huku wanacheka: atakayeistahili ndiye atakayesema sufuria ikae wapi.

"Ni yangu," akasema Mbonea, anajikung'uta mavi ya mbuzi. "Nisingeinunua, mngebonyeza nini? Na irudi juu ya kabati, isije ikachakaa."

"Uliinunua ukaivisha nguo!" Nakunda akaruka. "Ni yangu, Baba Niwaeli. Mimi niliogopa kuliko ninyi nyote, na bado nikabonyeza. Ikae jikoni, ipike kila siku, mtoto apumue."

Bibi akacheka mpaka akashika mbavu. "Ungebonyeza mpaka kesho, mwanangu. Nisingekula mimi, jogoo angeliwa na mbwa, na sufuria ingetupwa korongoni. Firigisi ni yangu, na sufuria naihamishia kwangu. Ninyi meno mnayo, mimi yameisha."

"Na mtoto je, mama?" akauliza Nakunda.

"Mtoto mlete kwangu."

"Na usiku akitaka kunyonya?"

Firigisi inapoa kwenye sahani. Mbonea kanyoosha mkono, Bibi kanyoosha mkono, Nakunda kanyoosha mkono, na mtoto huyo kaanza tena, kho, kho, kho.

Haya, ninyi mnaonitazama tu, semeni upesi kabla mtu hajaimeza: aliyenunua, aliyebonyeza, aliyeonja. Je, nani alistahili?