Kima Mshenga na Jibu la Nungunungu

Paukwa!

— Pakawa!

Mbona sauti ndogo, hamjala? Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa na mlima wa mawe. Mimi sikuwepo, na aliyenisimulia naye hakuwepo, lakini mambo yalikuwa hivi.

Hapo zamani za kale aliishi Pelele, mnyama mdogo wa majabalini, yatima asiye na baba wala mjomba. Alimpenda Siwema, binti wa Nungunungu. Alimpenda akila, alimpenda akitembea, alimpenda hata akimkimbia chui. Lakini mtu haendi kuposa kwa mdomo wake. Lazima awe na mshenga wa kumsemea, na Pelele hakuwa na mtu.

Basi akamwendea Kima. Huyu Kima alikuwa amekaa Ng'ambo miaka mingi, kwenye madirisha ya Waingereza, akisikiliza wanavyozungumza. Alirudi na misemo yao, na siku haikupita bila kuutumia mmoja. Pelele akaona mshenga ndiye huyu.

Wakapiga hodi kwa Nungunungu. Mkewe akawatandikia mkeka, akawauliza habari za njiani.

"Mama," Kima akajibu, "tumenyeshewa paka na mbwa."

Mama akakimbilia uani kuwaficha kuku. Akatazama juu, akatazama chini, akarudi. Kima akaeleza kwamba Ng'ambo ndivyo wasemavyo mvua ikiwa kubwa. Kwa nini paka, kwa nini mbwa, hata yeye hakujua. Nami sijui, msiniulize.

Nungunungu akaketi. Kima akakohoa, akasema, "Mzee wangu, humu chumbani mna ndovu, na sote tunajifanya hatumwoni."

Nungunungu akaruka, miiba yote ikasimama, akachungulia nyuma ya mtungi. Kima akaeleza kwamba ndovu ni jambo kubwa ambalo kila mtu analijua na hakuna anayelitaja, na jambo lenyewe ni posa ya Siwema. Nungunungu akafuta jasho, akasema ndovu wa namna hiyo anamfahamu.

Mara Siwema akapita na kuni kichwani. Kima, kwa kumtakia heri, akamwambia, "Mwanangu, vunja mguu."

Hapo pakachafuka. Mama akashika mwiko. Pelele akatamani jiwe limfunike. Kima akaapa kwamba Ng'ambo mtu akikabili jambo zito huombewa heri kwa maneno hayo hayo. Nungunungu akamkazia macho, kisha akamtazama Pelele anavyotetemeka, akamwonea huruma.

"Tumesikia," akasema. "Nendeni, tutaulizana."

Nyinyi mnalijua jibu hilo. Kwetu hakuna baba anayemtoa binti siku ya kwanza, ataonekana amemchoka. Asiyetakiwa huambiwa papo hapo kwamba binti ana mtu. Anayetakiwa huambiwa tutaulizana, naye hurudi baadaye kufuata jibu. Pelele yatima hakufundishwa hayo na yeyote. Njiani akamuuliza mshenga wake ameambiwa nini.

"Pole, mdogo wangu," Kima akasema. "Ng'ambo anayekwambia tutakuita, hakuiti tena. Umekataliwa."

Pelele akaingia mwambani mwake, akalia.

Kwa Nungunungu mkeka ukatandikwa, uji ukapikwa, hodi haikusikika. Mkeka ukatandikwa tena, hodi haikusikika. Mkeka ukatandikwa mara ya tatu, Nungunungu akaukunja mwenyewe. Alikasirika na kuona aibu, kwa kuwa mposaji asiyerudi ameidharau nyumba. Akasema Kicheche naye anakuja kuposa kesho, na safari hii hataulizana na mtu, atamtoa binti siku hiyo hiyo. Na Kicheche, jamani, harufu yake mnaijua.

Siwema akalia, kisha akapiga moyo konde. Asubuhi akapanda majabali peke yake, jambo ambalo binti halifanyi, akawakuta Pelele na Kima wanaota jua.

"Pelele," akasema, "baba amekubali. Mama amekubali. Na mimi nimekubali. Unakuja au huji?"

 Pelele akamgeukia Kima, akamuuliza maneno hayo yana maana gani.

Kima akashika kidevu. Akasema maneno manyoofu namna hiyo lazima yana kitu chini yake. Huenda baba ni mvua. Huenda kuja ni kuondoka. Apewe nafasi afikiri.

Siwema akangoja. Jua likapanda, Kima bado anafikiri. Machozi yakamlenga Siwema, akasema anarudi nyumbani, maana Kicheche yuko njiani.

Pelele akamtazama mshenga, akamtazama Siwema, akaona afadhali amuulize mwenye maneno.

"Siwema, umesema unanitaka?"

"Ndiyo."

"Na hiyo ndiyo, maana yake ni ndiyo?"

"Ndiyo, Pelele."

Akashuka naye mbio, hata mshenga hakumuaga. Kicheche alipofika, Nungunungu alikuwa ameshaelezwa kisa na kusamehe, uji umeshaliwa na harusi imeshapangwa.

Basi usipoelewa, muulize aliyesema, usimuulize anayejifanya anajua. Kima alizibeba habari za Ng'ambo zote, akazisahau za kwao. Alibaki palepale juu ya jiwe, na mpaka leo ukimwona anakuna kichwa, anatafuta maana ya "unakuja au huji".

Ngano yangu nimeitua hapa, anayeitaka aibebe. Na aliyekuwa amesinzia asiniulize mimi, amuulize Kima.