Mbuzi wa Bibi Nakijwa

Hapo zamani, na msinikatize, huko milimani Upare aliishi Bibi Nakijwa, mjane mbishi. Alikuwa ameshaanguka mara mbili. Kila alipoulizwa, alisema aliinama kuokota kuni. Ndivyo walivyo wazee wa kwao, hakuna anayeanguka, wote huokota kuni.

Wanawe waliohamia tambarare wakaleta neno: akianguka tena, wanamteremsha akaishi nao. Bibi aliogopa kwelikweli. Mumewe alizikwa nyuma ya nyumba ile, na hakutaka kumwacha. Akatangaza kwamba atakayemfikisha mavuno bila kuanguka atapewa mbuzi wake wa maziwa.

Mkwewe, Namsifu, akaanza. Kila siku ya gulio alimkalisha kigodani, akamtaka ainuke bila kushika kitu, aende ghalani na kurudi, huku yeye akiimba wimbo wa kutwanga. Mwanzoni Bibi alirudi kwenye ubeti wa pili. Gulio la tano, wimbo ukaisha Bibi angali njiani. Namsifu akajua miguu inalegea.

Mjukuu wa Bibi, Senkondo, baba wa watoto wanne, akatundika kamba tatu: ya jikoni, ya uani, ya kizingitini. Kila jioni alifunga fundo kwenye kamba ya mahali Bibi alipoyumba siku ile. Mwezi haujaisha, ya kizingitini ilijaa mafundo.

Jirani yao Mbonea, seremala, akaziona kamba. Akang'oa kizingiti, akamchongea Bibi mkongojo, na kila asubuhi akampandisha na kumshusha kilima mpaka miguu ikakaza. Bibi akawa anarudi tena kutoka ghalani kwenye ubeti wa pili.

Mavuno yakafika, Bibi amesimama wima. Hapo ndipo palipochimbika.

Namsifu akasema, "Bila wimbo wangu, nani angejua anadhoofika?"

Senkondo akasema, "Kujua anadhoofika si kujua ataangukia wapi. Kamba zangu ndizo zilizosema."

Mbonea akasema, "Kamba haimdaki mtu. Aliyeng'oa kizingiti ni mimi."

Bibi akakohoa. "Nyote kutwa mlikuwa shambani. Hayo mafundo, nani aliwaambia nimeyumba? Ni mimi, kwa kinywa changu, na aibu nikaimeza. Mbuzi habanduki zizini."

Haya, nyie mnaocheka, ambao mama zenu hadi leo wanaokota kuni, niambieni: je, nani alistahili mbuzi yule?