Shanga za Mize Hazikutani

Paukwa!
— Pakawa!
Pakawa chungu jikoni!
— Kipakuliwe!
Pakawa tumbo la mwari!
— Litulie!

Basi sogezeni vigoda, nanyi mnaotafuna msitafune kwa kelele. Zamani hizo za kale, wanyama walipokuwa bado wanasema na watu bila haya, jambo hili lilianza siku ya Jumatatu, saa tatu kasorobo asubuhi. Msiniulize nani alikuwa na saa. Jogoo alikuwa nayo kooni.

Saa hiyo, katika mji mmoja wa wakulima wa mpunga, Mize alikuwa amesimama katikati ya chumba, mikono juu, pumzi ameibana, akizungushiwa shanga kiunoni.

Mize alikuwa mwari. Ijumaa ndiyo arusi yake na Shaame, yule kijana ambaye kicheko chake husikika mtaa wa pili, na Mize alikitaka kicheko kile nyumbani kwake kuliko kitu chochote duniani. Aliyemzungushia shanga alikuwa Bi Kazija, shangazi wa bwana arusi. Ndiyo ilikuwa ada ya mji ule. Siku ya posa, shanga hutungwa kwa kipimo cha kiuno cha binti. Wiki ya arusi, shangazi wa mume huja kuzifunga.

Bi Kazija akavuta. Hazikukutana.

Akavuta tena. Hazikukutana.

Akavuta mara ya tatu, Mize akatoa sauti kama mlango uliokosa mafuta. Hazikukutana! Baina ya ncha na ncha palibaki nafasi ya vidole vinne.

"He!" akasema Bi Kazija. "Kidawa, huyu mwari wako ana siri gani humu ndani?"

Bi Kidawa alikuwa somo wa Mize, yaani kungwi wake, ndiye aliyemweka ndani, ndiye aliyemlisha. "Siri gani, Kazija! Kanenepa tu. Mwari hanenepi?"

"Kunenepa huanza mashavuni. Huyu mashavu ni yale yale, tumbo ndilo limetangulia mbele kama msemaji. Mimi nimezaa saba, bibi wee, usinifundishe matumbo."

Mize akafungua mdomo. Alitaka kusema: shangazi, sina mimba, sijaenda choo tangu Alhamisi. Lakini mwari atamwambiaje mkwe jambo la choo? Haya ikamziba. Akafunga mdomo.

Bi Kazija akauchukua ule ukimya kuwa ndiyo jibu. "Nitarudi Ijumaa asubuhi na shanga hizi hizi," akasema. "Zikikutana, ngoma inalia. Zisipokutana, ngoma inarudi ilikotoka, na Shaame wetu tutamtafutia kwingine." Akatoka, kanga ikipiga upepo.

Bi Kidawa akafunga mlango, akageuka. "Mwanangu, niambie mimi. Ni nani?"

"Hata wewe, somo?"

Somo akainamisha kichwa, akaenda kupika.

Sasa sikilizeni alichopika. Alipika wali wa mchele uliotwangwa mara tatu hadi ukawa mweupe kama pamba. Asubuhi wali, mchana wali, jioni wali. Juu ya wali, nyama ya mafuta. Baada ya nyama, haluwa. Heshima ya mwari katika mji ule ilikuwa weupe wa sahani yake. Na miiko ilikuwa mitatu. Mwari hali tunda, tunda humlegeza mwili. Mwari hali majani, majani ni chakula cha dhiki. Mwari hanywi maji ila funda moja, maji huchujusha rangi.

Mize akala, kwa kuwa alilelewa vizuri. Kisha akalishika tumbo, gumu kama dafu, akaliimbia kwa sauti ndogo:

Tumbo, tumbo, ngoma isiyo na mpigaji,
fungua mlango, wageni wanakuja!

Tumbo likajibu: "Gu! Sifungui. Umenijaza wali, hujanipa wa kuusukuma."

Mchana somo akalala. Kima akachungulia dirishani. "Dada Mize, mbona umekaa kama gunia la chumvi?"

"Tumbo limefunga."

"Limefunga? Langu halijui kufuli! Mimi nala papai, nacheka, nahamia mti mwingine."

"Mwari hali tunda."

"Basi mwari atapasuka," akasema kima, akamtupia papai bivu mapajani.

Mize akautazama mlango. Akalitazama papai. Akazikumbuka zile shanga, na nafasi ya vidole vinne. Akala. Utamu ulimfika masikioni! Kisha akaimba:

Tumbo, tumbo, ngoma isiyo na mpigaji,
fungua mlango, wageni wanakuja!

"Gu!" likajibu tumbo. "Mlango umetikisika. Haujafunguka."

Jumanne mchana somo akalala tena. Mbuzi akasimama chini ya dirisha. "Meee! Binti, tazama nyuma yangu."

"Makubwa haya! Nitazame nini huko?"

"Tazama tu! Vidonge vidogo, vyepesi, kama shanga zilizokatika uzi. Asubuhi na jioni. Hayo ni majani, binti, si uganga."

Mize akacheka, mara ya kwanza tangu Jumatatu. Akaruka dirisha, akamfuata mbuzi bondeni. Alichuma mchicha, alichuma majani ya maboga, alichuma na kunde zilizokauka kwenye mashina yake. Akarudi mbio, kanga imejaa, akavibandika vyote jikoni.

Lakini alikuwa na haraka, maskini. Arusi Ijumaa! Akala chungu kizima cha majani. Akala chungu kizima cha kunde. Hakuacha hata ukoko, wala hakunywa hata tone. Akaimba wimbo wake kwa mara ya tatu.

"Gu!" likasema tumbo. "Gu! Gu! Gurugurugu!"

Jamani! Upepo uliotoka pale uliwatimua kuku uwanjani, na Bi Kidawa akaamka akidhani mvua inakuja. Tumbo likavimba zaidi, likauma, likasokota. Mize akajipima kwa uzi wa kipimo chake cha posa: vile vidole vinne vimekuwa vitano. Akajitupa kitandani, akamwona mawazoni Shaame amekaa na mwanamke mwingine, wanacheka wote wawili.

Jumatano akaja bata, akitembea kama tajiri. "Kwa! Kwa! Ndiwe uliyemeza bonde zima jana?"

"Ndimi. Mbuzi kanidanganya."

"Mbuzi hakudanganya. Ila mbuzi hunywa. Wewe umemeza kavukavu, majani yamejazana mlangoni, kila moja linamwambia mwenzake tangulia wewe."

"Maji huchujusha rangi."

Bata akajitazama bawa la kulia, akajitazama bawa la kushoto. "Nimezaliwa majini. Imechujuka wapi?" Kisha akanong'ona, maana lilikuwa jambo la adabu: "Tena punguza. Majani kidogo asubuhi, kidogo mchana, kidogo jioni. Na kunde ziloweke usiku kucha, yale maji yake uyamwage. Ndizo zilizokupigia tarumbeta."

Mize akaenda kwenye mtungi, akachota kata moja, akanywa. Akachota ya pili, akanywa. Alipochota ya tatu, mkono ukamshika.

"Mize!" Alikuwa Bi Kidawa. Akaitazama kata. Akayaona maganda ya papai uvunguni. Akanusa chungu. "Mchicha? Katika chumba cha mwari? Unataka watu waseme nimekulisha njaa?"

"Wanasema makubwa zaidi ya hayo, somo." Safari hii haya haikumziba. "Sina mimba. Sijaenda choo tangu Alhamisi. Wali wako ni mtamu na mweupe, lakini umekaa humu kama mgeni asiyeaga. Niachie majani yangu, au nenda mwenyewe ukairudishe ngoma."

Bi Kidawa akakaa kitako. Alikuwa amewalisha wari wengi katika maisha yake, na wengi aliwasikia wakiugua, akidhani ni hamu ya waume. Akafikiri. Mwisho akauinua ule mtungi kwa mikono yake miwili, akauweka kando ya kitanda.

"Kunywa," akasema. "Rangi tutapaka."

Alhamisi wakapika pamoja. Asubuhi, uji wa unga usiokobolewa na kipande cha papai. Mchana, kunde zilizolowekwa na mchicha kidogo. Jioni, viazi vitamu na majani ya maboga. Maji kila mara, na kati ya chakula na chakula kutembea kuizunguka nyumba, somo akipiga makofi nyuma kama anayeswaga ng'ombe. Jua lilipokuchwa Mize akaimba, na Bi Kidawa akaitikia:

Tumbo, tumbo, ngoma isiyo na mpigaji,
fungua mlango, wageni wanakuja!

Tumbo likasema polepole, "Gu... Naufungua. Usiende mbali."

Ijumaa alfajiri Mize aliruka kitandani kama aliyemwagiwa maji. Alikimbia! Kanga moja mkononi, moja njiani.

"Vipi?" akaita Bi Kidawa mlangoni mwa choo.

"Ngoja!"

"Vipi, mwanangu?"

"Ngoja, somo!"

"Vipi basi?"

Kikasikika kicheko. Bi Kidawa akapiga kigelegele kilichoamsha mji mzima, na watu wakasema, mbona mapema?

Bi Kazija akaja na shanga zake, uso umekunjwa. Wapiga ngoma wakasimama nje, mikono hewani. Akazungusha, akavuta. Zikakutana! Akavuta tena. Zikapishana! Akachomeka kidole baina ya shanga na ngozi, kidole kikapita.

Lakini hakutoka kuwaambia wapiga ngoma. Aliinama kama anayekaza fundo, akanong'ona: "Mwanangu... ulikula nini?"

"Kwa nini, shangazi?"

"Langu limefunga, limevimba, huu mwezi wa pili. Nalifunika kwa kanga mbili. Na mimi mjane, Mize. Wakiliona watasema nini?"

Mize alikuwa na maneno ya kumrudishia, mengi, ameyapanga tangu Jumatatu. Akayatazama macho ya Bi Kazija, yakiwa na hofu ile ile aliyoijua yeye.

"Toka uwaambie wapige ngoma," akasema. "Kesho nitakuja."

Ngoma ikalia. Shaame akacheka, na mtaa wa pili ukamsikia.

Kesho yake asubuhi, wakati bibi arusi anapotakiwa kukaa ndani akitazamwa, Mize alishuka bondeni na kikapu. Akachuma, akapika, akaenda kubisha hodi kwa Bi Kazija. Akamwekea bakuli dogo la mchicha, kipande cha papai na mtungi uliojaa. Kisha akaketi mbele yake na kumwuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeulizia bei ya chumvi:

"Haya, shangazi. Hujaenda choo tangu lini?"

Basi ndiyo hivyo, wenzangu. Tumbo halijui heshima ya sahani nyeupe. Linajua majani, tunda na maji, tena kidogo kidogo. Na likifunga, semeni, maana haya haijawahi kumfungulia mtu.

Ngano yangu imeshuka, imepata njia, imetoka salama. Mimi nilipoondoka kule, Bi Kazija alikuwa bado chooni, anaimba. Mkipita, msimgongee mlango.