Kitambulisho cha Simu ya Fisi

Jamani, nimebeba mzigo wa maneno. Niutue?
— Utue, tuupokee.
Ni mzito.
— Tuko wengi.

Basi hapo kale, kale ya juzi tu, mtandao ulipokwisha kufika nyikani, palikuwa na Fisi na palikuwa na Pimbi. Fisi alikuwa na meno, na alikuwa na programu ya simu iitwayo Maji Yako Wapi. Kila asubuhi wanyama waliifungua wajue kisima kipi kina maji. Pimbi alikuwa mdogo, hana hata mkia, ila ndiye pekee aliyejua kuiendesha. Fisi alijua kula.

Siku moja Fisi akamwita. "Pimbi, andika ujumbe. Mnyama akifungua programu, umrukie usoni. Sema: Chumvi ya bure Bonde la Miiba, njooni na watoto."

"Chumvi ipo, Mheshimiwa?"

"Mimi nipo. Na neno moja likikosewa, nitaanza na wewe."

Pimbi alikuwa na shangazi saba kwenye mawe ya ng'ambo, na shangazi hao kwa chumvi hawajiwezi. Wangekwenda wote, na vitoto mgongoni. Akakuna sikio, akakuna na la pili.

"Mheshimiwa, ujumbe hujaribiwa kwanza kwenye simu moja, tuone kama umekaa sawa. Naomba kitambulisho cha simu."

"Simu nayo ina kitambulisho?"

"Kila simu ina chake. Nikikiweka kwenye orodha ya majaribio, ujumbe unakwenda kwenye simu hiyo tu. Labda nichukue cha Kobe."

"Kobe ni nani atangulie kuona ujumbe wangu? Chukua cha kwangu."

"Cha kwako na cha Kobe?"

"Cha kwangu peke yangu."

Pimbi akachomeka waya kwenye simu ya Fisi. Kumbukumbu za programu zikaanza kushuka kiooni, chururu, chururu, mstari juu ya mstari, Fisi akipiga miayo. Mstari mmoja ukakitaja kitambulisho: herufi na tarakimu, kirefu kama utumbo wa mbuzi. Pimbi akakinakili, akakibandika kwenye orodha, akabonyeza.

Ting'. Ujumbe ukatokea kwenye simu ya Fisi, umepambwa kwa picha ya chumvi.

"Umeuona, Mheshimiwa?"

"Nimeuona."

"Kwa macho yako?"

"Kwa macho yangu."

"Basi mimi sina la kuongeza," akasema Pimbi, na kweli hakuongeza. Kitufe cha kuwatumia wanyama wote hakukigusa.

Fisi akaenda bondeni. Akakaa. Jua likapanda, jua likashuka. Hakuja hata digidigi.

Akarudi. "Ujumbe umefika?"

"Fungua uone."

Ting'. Upo.

"Basi chumvi imewakinaisha. Ongeza majani mabichi."

Pimbi akaongeza. Fisi akaenda bondeni. Akakaa. Jua likapanda, jua likashuka. Hakuja hata siafu.

Akarudi, mbavu zinahesabika. "Umefika?"

"Fungua uone."

Ting'. Upo.

"Basi wala majani wameshanijua. Tuwaite mbweha. Andika: Nyama ya nyati, imelala tu, pangoni kwa Simba. Simba amesafiri. Mimi nitawavizia njiani."

"Amesafiri kweli?"

"Wewe andika."

Pimbi akaandika. Fisi akajificha njiani. Siku ya kwanza, patupu. Siku ya pili, patupu. Siku ya tatu akafungua simu apoteze muda tu.

Ting'. Nyama ya nyati, imelala tu.

Akasoma. Akasoma tena. Mate yakamtoka. "Kumbe ndiyo maana hawapiti hapa," akajiambia. "Wamezunguka kwa nyuma, wanakula, wananimalizia. Na programu ni yangu. Programu yangu haiwezi kunidanganya mimi." Akaondoka mbio, pu, pu, pu.

Pimbi, aliyekuwa juu ya mwamba wa lile pango, akamwona anakuja. Nusura amwonee huruma. Akawakumbuka shangazi saba, huruma ikapita.

Ndani, Simba akafumbua jicho moja. "Nani kakualika?"

"Ujumbe, Mfalme. Kila mnyama kaupata."

Simba akavuta simu yake, akaifungua. Akasubiri. Akaifunga, akaifungua tena. Kimya.

"Mimi," akasema, "sijaupata."

Pimbi aliziba masikio. Fisi alitoka mle pangoni, ila si yeye mzima. Na wale shangazi saba walikuwa juani na watoto wao, wakilalamika kwamba siku hizi hakuna mtu anayewaalika popote.

Mzigo nimeshautua, mabega yangu yamepona. Na funzo lake, watoto, ni hili: ukiona kitu kwenye simu yako, jua dunia nzima imekiona. Na mtu akikuomba kitambulisho cha simu, mpe upesi, hasa akiwa mdogo, mpole, na anakuita Mheshimiwa.