Shahidi wa Mzee Chilumba

Msinibishie, foleni ile nami nilikuwamo. Mzee Chilumba alikwenda bomani kuomba pensheni ya waliompigania Mjerumani. Karani Ndomba, aliyetundika ukutani picha ya marehemu baba yake, eti shujaa wa vita hivyo, akamkemea:

"Mzee, bila shahidi aliyekuwa nawe vitani, hupati hata senti!"

"Wenzangu wote wamekufa, mwanangu. Lakini andika huyo baba yako. Risasi zilipoanza tulijificha pamoja nyuma ya vyungu vya wake wa askari, yeye akilia, 'Mama, nakufa!'"

Foleni nzima ikashikwa na kikohozi. Karani akagonga muhuri mbiombio.

"Shahidi wa nini, baba? Uso wako tu ni ushahidi!"

Nje nikamwuliza, "Kumbe mlikuwa wote?"

"Nani? Yule nimemwona leo, pale ukutani."