Msumeno Uliofungwa Mpira

Ninyi wenye wapendwa walio mbali, sogeeni karibu, maana leo nasema na ninyi.

Kulikuwa na seremala mmoja ambaye mke wake alikwenda kufanya kazi Uarabuni. Miaka ikapita. Jamani, kummiss mtu ni kazi! Jioni anakaa mlangoni pa karakana yake anamuwaza, mpaka chai inapoa mkononi. Siku moja simu ikaita: "Mume wangu, Jumamosi narudi."

Nani hapa angetulia? Seremala akaapa kwamba mkewe hatalalia tena kile kitanda chao chakavu. Atamtengenezea kipya, cha mninga. Mbao anazo, ila msumeno wake wa umeme umekufa. Akakimbilia dukani, akaeleza kitanda anachotaka kutengeneza.

Mwenye duka, mama mtu mzima, akamwonyesha msumeno wa kukaa mezani. "Huu, baba, unabana ubao, unaushusha taratibu. Chaga zako zote za kushikilia godoro zitatoka urefu mmoja, na kifuniko kinafunika meno chenyewe."

"Na ule wa mkononi?"

"Nao mzuri. Lakini ninyi mafundi nawajua! Kifuniko mnakivuta nyuma, mnakifunga kwa mpira wa baiskeli ili muone mstari."

"Mama, huo wa mezani mpaka niufunge na kuuweka sawa, Jumamosi imeshafika. Mke wangu anakuja!"

Akabeba wa mkononi. Kufika tu, akakifunga kifuniko nyuma kwa mpira. Mnacheka nini? Mafundi si mmo humu? Akaanza kukata chaga, macho kwenye mstari, moyo uwanja wa ndege. Ubao ukaubana msumeno, msumeno ukaruka, ukapita na vidole vya mkono wake ulioshika ubao.

Jumamosi mke akashuka kwenye gari, akamkuta mumewe na bandeji mpaka kwenye kiwiko. Akalia hata kabla ya kusalimia.

"Nisamehe, mke wangu," seremala akasema. "Nilikuwa nakutengenezea kitanda. Sijakimaliza."

"Kitanda? Nani alikuagiza kitanda? Kule nilikuwa naumwa peke yangu, nalala nikitamani huo mkono wako unishike. Huo huo!"

Ndugu zangu, yule bwana alikosea kupenda? Hapana. Alipenda sana. Lakini sisi tunadhani tukipenda sana, tumeruhusiwa kuondoa kila kinga. Baba, unaendesha lori umesinzia ili uwahi kuwapelekea watoto zawadi. Umewauliza wanataka nini? Mama, unaficha ugonjwa wako ili kazi ya kanisa isilale, nani kakutuma? Mungu mwenyewe anakutaka wewe, na sisi tunamletea vitu, tumejikatakata njiani.

Kuna mtu anakusubiri leo. Tafadhali, mfikie ukiwa mzima.